Mashine Kuwa Mtu, na Mtu Kuwa Mashine

Kuna mjadala ambao siku hizi hauachi kuzuka wanapokutana watu wetu baada ya sala ya Isha, kwenye baraza za wanaume na hata ndani, kwenye mikeka ya kina mama. Mmoja hutaja habari aliyoisikia juu ya mashine mpya inayozungumza, inayoandika barua na kujibu masuali kama mwanadamu. Wa pili husema hayo si mageni, aliyaona zamani katika filamu. Wa tatu hushikilia kwamba haitapita miaka kumi ila mashine hizo zitakuwa na akili zao wenyewe na zitatutawala. Wa nne, ambaye aghalabu ndiye mzee wao, hucheka akasema kwamba hizo ni hekaya za watu walioshiba. Kahawa huisha, mjadala usiishe.

Sisi hatuyaonei vibaya mazungumzo hayo. Familia inayobishana juu ya mambo ya elimu ina heri kuliko familia ambayo kila mmoja ameinamia simu yake bila ya kumsemesha mwenziwe. Hata hivyo, tunaona mabishano yetu yana kasoro. Tunachanganya habari na hadithi, na katika kuchanganya huko tunamsahau mtu ambaye hadithi zenyewe, tangu mwanzo, zilimhusu. Mtu huyo ni mfanyakazi. Wiki hii tunapenda kumrudisha kwenye mazungumzo.

Neno lilikotoka

Tuanze na neno ambalo hata watoto wa chekechea wanalijua: roboti. Wengi hudhani kwamba ni neno la wahandisi. Kwa hakika ni neno la jukwaa la maigizo, na umri wake umepita kidogo tu miaka mia moja. Mwaka 1920 mwandishi wa Kicheki, Karel Čapek, alichapisha tamthilia iitwayo R.U.R., na mwaka uliofuata ikaonyeshwa mjini Prague. Alihitaji jina la viumbe aliowabuni, na nduguye Josef, aliyekuwa mchoraji, ndiye aliyempa neno hilo. Walilitoa katika neno la Kicheki robota, ambalo maana yake ni kazi ya shokoa: zile siku ambazo mkulima mnyonge alilazimika kulitumikia shamba la bwana wake bila ya ujira. Utaratibu huo ulifutwa katika nchi yao mwaka 1848, lakini lugha ilikuwa bado inaukumbuka.

Basi roboti, kwa asili ya jina lake, si chuma. Ni mtumishwa. Hata katika tamthilia ya Čapek viumbe hao hawakuwa wa chuma. Walitengenezwa kiwandani kwa kitu mfano wa nyama, wakafanana na watu kwa sura, ila wakanyimwa kila kisichosaidia kazi, ikiwamo furaha. Kampuni iliwauza duniani kote kwa kuwa walikuwa rahisi kuliko mfanyakazi wa kweli. Mwishowe waliasi, wakawaua wanadamu wote isipokuwa mmoja, mjenzi aitwaye Alquist. Walimwacha hai kwa sababu alikuwa akifanya kazi kwa mikono yake kama wao.

Mwaka 1922 tamthilia hiyo ilifika New York, na mwaka 1923 ikafika London. Neno likaenea duniani, lakini maana yake ikapotea njiani. Walimwengu wakayashika maasi ya mashine, wakaliacha suali ambalo Čapek aliliuliza: ni nani anayefanya kazi, na matunda ya kazi hiyo yanakwenda kwa nani? Ndilo suali tunalolikosa katika baraza zetu.

Hadithi si ramli

Hoja inayosikika sana katika mabishano haya ni kwamba hadithi za kubuni za kisayansi hutabiri yatakayokuja. Mfano unaopendwa ni wa Arthur C. Clarke, mwandishi mashuhuri wa Uingereza. Mwaka 1945 alieleza kwamba setilaiti ikiwekwa juu ya ikweta, kiasi cha kilomita 36,000 kutoka ardhini, itazunguka sambamba na dunia, na kwa aliye chini itaonekana kama imesimama mahali pamoja. Hivyo itaweza kupeleka sauti na picha kutoka bara hadi bara. Leo madishi ya televisheni yaliyo juu ya mapaa yetu yameelekezwa kwenye setilaiti za namna hiyo hiyo.

Lakini maelezo hayo Clarke hakuyaandika katika hadithi. Aliyaandika katika makala ya kiufundi, ndani ya jarida la watu wa redio, tena kwa hesabu. Alipokuja kutunga hadithi, pamoja na mtengenezaji filamu Stanley Kubrick, walitoa mwaka 1968 filamu ya 2001: A Space Odyssey, inayoonyesha watu wakikaa mwezini na kusafiri kuelekea sayari ya Jupiter ifikapo mwaka 2001. Mwaka huo ulikuja ukapita, na tangu Desemba 1972 hakuna mwanadamu aliyekanyaga tena mwezini. Kilichotimia kilikuwa hesabu. Hadithi ilibaki kuwa hadithi, na haikupungukiwa na thamani yake kwa hilo.

Kwa upande wa pili, zipo habari za kweli ambazo kijana wa leo akisimuliwa atadhani ni filamu. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la Waitaliano lililosimama baharini karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi, ilirushwa setilaiti ya Marekani iliyokuwa ya kwanza duniani kutengwa mahsusi kwa kuchunguza miale ya eksirei itokayo katika anga za mbali. Ilipewa jina la Kiswahili, Uhuru, kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha miaka saba ya uhuru wake. Na aliyeusimamia mradi huo kwa upande wa Marekani alikuwa mwanamke, Marjorie Townsend. Haya yalitokea katika bahari yetu, na wapo wazee wa Pwani waliokuwa watu wazima siku hiyo.

Tumetaja mifano hii ili tofauti ionekane. Habari ina tarehe, ina mahali na ina watu. Huweza kupimwa ikathibiti au ikaanguka. Hadithi haipimwi hivyo. Kuiuliza hadithi kama imetimia au haikutimia ni kuifanya ramli. Hadithi nzuri hupimwa kwa suali inalotuachia juu yetu wenyewe.

Roboti iliyopewa uraia

Hebu sasa tuitazame habari moja iliyotimiza masharti hayo, iliyowashughulisha sana watu wetu. Oktoba 2017, katika mkutano wa wawekezaji mjini Riyadh, ilitangazwa kwamba roboti yenye sura ya mwanamke, iitwayo Sophia, iliyoundwa na kampuni ya Hanson Robotics ya Hong Kong, imepewa uraia wa Saudi Arabia. Ilisimama mbele ya hadhara, ikajibu masuali na kushukuru.

Mabishano yaliyofuata yalikuwa makali. Wapo waliouliza mbona kichwa chake hakikufunikwa. Wapo waliouliza iwapo itahitaji mahram ikisafiri. Wengine walikumbusha kwamba amri ya kuwaruhusu wanawake wa nchi hiyo kuendesha gari ilikuwa imetangazwa mwezi mmoja tu kabla yake, na ilikuwa bado haijaanza kutumika. Ilianza Juni 2018. Wengi walicheka, na kwa kweli jambo lenyewe lilikuwa na sehemu yake ya mzaha, kwani lilipangwa livute macho ya wawekezaji.

Lakini sisi wa Pwani ya Kenya tulikuwa na sababu ya kulitazama jambo hilo kwa jicho jingine. Wengi wetu tunamjua binti, wa kwetu au wa jirani, aliyekwenda Ghuba kufanya kazi za ndani. Huko huitwa kadama, neno la Kiarabu lenye maana ya mtumishi, ambalo asili yake ni moja na neno letu hadimu. Wapo waliokutana na waajiri wema, wakarudi na kuwajengea wazazi wao nyumba, na hao hatuwasahau. Hata hivyo, utaratibu wa kafala unamfunga mfanyakazi kwa mwajiri mmoja aliyemdhamini, na ruhusa yake ya kukaa nchini imo mikononi mwa huyo. Saudi Arabia ilipoulegeza utaratibu huo Machi 2021, ili wafanyakazi wengi wa sekta binafsi waweze kubadili mwajiri, wafanyakazi wa nyumbani hawakuingizwa katika mageuzi hayo.

Tukiviweka viwili hivi pamoja, ndipo suali la Čapek linaporudi. Sophia haili, hailali, haina mtoto iliyemwacha Likoni au Mtwapa analelewa na bibi yake. Haina haja ya pasipoti, kwani hubebwa ndani ya sanduku. Ikapewa uraia kwa siku moja. Yule mwenye njaa, mwenye usingizi na mwenye mtoto huenda akakaa miaka mingi akipika na kufua, akaondoka kama alivyoingia. Kwa hiyo tunaposhughulika kuuliza kama mashine itakuwa mtu, tunaliacha suali lililo karibu na mlango wetu: ni nani, hivi leo, anayefanywa mashine ilhali yeye ni mtu?

Je, inajua inachosema?

Msomaji atasema: Sophia lilikuwa onyesho, lakini hizi programu za sasa zinajibu kwa ufasaha hata mtu akasahau anasema na nani. Huenda hizi zina akili za kweli? Suali hili lina haki ya kujibiwa kwa utulivu.

Kwanza, tujue kwamba mwanadamu ni mwepesi wa kuhisi kuna mtu pale asipokuwapo mtu. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum, mwalimu wa chuo cha MIT huko Marekani, aliieleza kwa maandishi programu aliyoiita ELIZA. Ilikuwa nyepesi mno: mtu akiandika kwamba ana huzuni, yenyewe huyageuza maneno yake na kumuuliza habari ya huzuni hiyo. Haikujua huzuni ni nini. Hata hivyo, katibu wake, ambaye alimwona akiitengeneza kwa miezi, alimwomba siku moja atoke chumbani ili azungumze nayo faraghani. Weizenbaum alishtuka, akaja kuwa miongoni mwa wanaoonya. Zaidi ya nusu karne baadaye, Juni 2022, mhandisi mmoja wa Google alitangaza kwamba programu ya mazungumzo ya kampuni hiyo ina hisia. Kampuni ilikanusha, na mwezi uliofuata ikamwachisha kazi. Ikiwa fundi mwenyewe anaweza kufikia hapo, si ajabu kwa mtoto wetu wa miaka kumi na miwili.

Pili, tujue zinavyofanya kazi. Mwambie mtoto wa Kiswahili, "Haraka haraka haina...", naye atamaliza "baraka" kabla hujafunga mdomo. Hakufikiri, amelisikia mara nyingi. Programu hizi zimelishwa maandishi mengi kupita kadiri, na kazi yao ya msingi ni kukisia neno linalofaa kufuata, kisha lifuatalo, kisha lifuatalo. Ustadi wake ni mkubwa na una manufaa. Lakini kumaliza methali si sawa na kuwahi kuumizwa na haraka, na ndiyo maana programu hizi huweza kusema uongo kwa lugha safi kabisa bila ya kujua kwamba zinasema uongo. Suali la roho wataalamu wa kompyuta hawana chombo cha kulipimia, na wanazuoni wetu wanajua mipaka yake kuliko sisi.

Tatu, na hapa ndipo tulipokusudia kufika, nyuma ya ufasaha huo wamekaa watu. Katika maandishi yaliyolishwa programu mna mema na mna machafu. Ili programu ijifunze kuyakataa machafu, lazima kwanza mtu ayasome na kuyatia alama. Januari 2023 jarida la Time la Marekani liliripoti kwamba kazi hiyo, kwa ajili ya ChatGPT ya kampuni ya OpenAI, ilifanywa na wafanyakazi wa Kenya mjini Nairobi kupitia kampuni iliyopewa mkataba, kwa malipo ya kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa. Walishinda wakisoma maelezo ya mauaji, ya mateso na ya watoto kudhalilishwa, na baadhi yao walisema kazi hiyo imewajeruhi nafsi zao.

Kwa hivyo mtoto wako anapoiuliza programu hiyo jambo baya nayo ikamjibu kwa adabu kwamba haitamsaidia kwa hilo, adabu ile haikuzuka yenyewe. Kijana wa nchi hii alikaa kwenye kiti akayasoma yale ambayo wewe hutaki mwanao ayasome. Hatujasikia barazani mtu akibishana kwa ajili yake.

Ndoto ya mwanamke wa Kiislamu

Isidhaniwe kwamba tunawakataza watu hadithi hizi. Kinyume chake, tunataka zisomwe zaidi, na tunataka mabinti zetu wajue kwamba miongoni mwa watangulizi wake yumo mwanamke wa Kiislamu. Mwaka 1905, miaka kumi na mitano kabla ya Čapek, Rokeya Sakhawat Hossain wa Bengal alichapisha katika jarida la wanawake la Madras hadithi fupi iitwayo Sultana's Dream. Rokeya alikulia katika nyumba ya utawa mkali, akajifunza Kiingereza kwa msaada wa kaka yake. Katika hadithi hiyo, mwanamke anasinzia kitini akajikuta katika nchi ambayo wanaume ndio wanaokaa utawani, na wanawake ndio wanaoendesha mambo.

Msomaji akiitazama kwa juu atacheka mizani ilivyopinduliwa. Akiitazama kwa makini ataona zaidi. Wanawake wa nchi ile wana vyuo vikuu vyao. Chuo kimoja kimebuni namna ya kuyavuta maji kutoka mawinguni. Kingine kimebuni namna ya kukusanya joto la jua na kulihifadhi, na kwa joto hilo hupika bila ya moshi wala makaa. Mashamba hulimwa kwa umeme. Na kazi ya siku nzima humalizika kwa saa mbili, watu wakabaki na wakati wa kulima bustani na kusoma. Rokeya hakuuliza kama mashine itaasi. Aliuliza mashine ikija, nani atapumzika. Katika nchi yake anapumzika yule aliyekuwa akichoka.

Wala hakuishia kwenye ndoto. Baada ya kufiwa na mumewe mwaka 1909 alianzisha shule ya wasichana, na mwaka 1911 akaifungua Kolkata, akiwafuata wazazi majumbani kuwasihi wawatoe mabinti zao. Shule hiyo ingalipo, na nchini Bangladesh huadhimishwa kila tarehe 9 Desemba, siku aliyofariki mwaka 1932.

Tubishane vipi?

Kwa wazazi wenzetu tunapendekeza mambo matatu, nayo hayana gharama.

La kwanza, mjadala ukizuka, liulizwe mapema: hii ni habari au ni hadithi? Ikiwa ni habari, nani, wapi, lini, na aliyeileta ameipata wapi. Ikiwa ni hadithi, mwandishi anatuuliza nini. Suali hili peke yake litapunguza nusu ya zogo, na litawafunza watoto kutosambaza wasilolijua.

La pili, kila inaposifiwa au kuogopwa mashine, atafutwe mtu aliyeifanyia kazi. Nani aliisomesha? Alilipwa nini? Itakapokuja, nani atapumzika na nani atapoteza riziki? Mtoto aliyezoea kuuliza hivi juu ya mashine, baadaye atauliza hivyo hivyo juu ya mkataba atakaowekewa mbele yake. Na binti anayekusudia kusafiri kwa kazi, familia nzima ikae naye iusome mkataba wake, ihakikishe wakala amesajiliwa na mamlaka ya ajira ya taifa, na nakala ya mkataba na ya pasipoti zibaki nyumbani.

La tatu, mabinti wasitengwe na mazungumzo haya. Mara nyingi kaka hukaa akieleza mambo ya anga na kompyuta, na dada yake huagizwa birika. Amwage kahawa kaka naye, dada akae aseme. Bahari ya Malindi imeshuhudia kazi ya mwanamke ikipanda mbinguni, na hadithi ya Rokeya imekwisha pita miaka mia moja na ishirini. Hakuna sababu ya binti wa Lamu au wa Kisauni kudhani kwamba mambo haya si yake.

Kina mama wenye maoni juu ya suala hili, hasa waliofanya kazi Ghuba au wenye watoto wanaofanya kazi za kompyuta mjini, tungependa kuwasikia. Kwao wao ndio tutakaojifunza zaidi, kwa sababu wameyaishi yale ambayo wengine tunayabishania tu. Tukutane wiki ijayo, inshaallah.